Nyekundu ya Mita Ishirini na Nne

Kamera ilikuwa ndani ya mfuko wa ushahidi, na kwa kitu kilichokuwa karibu kumpeleka mtu jela, ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ya buluu, nyembamba, inang'aa kama kijiko kipya. Inspekta aliiweka juu ya meza ya kioo, akaweka bahasha ya picha sita kando yake, akamtazama mwenye duka.

"Mzee, niambie kila unachokijua kuhusu hii."

"Kila ninachokijua?" Mzee alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Basi vuta kiti, binti. Hapa tutakaa."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa ili kuficha kicheko. Inspekta alikuwa amebakiza miezi kumi na minane astaafu, ana wajukuu wawili, na hakuna aliyemwita binti tangu enzi za redio za mbao.

"Hatuna muda wa kukaa. Saa nane mchana kuna mtu anasomewa mashtaka. Sasa hivi ni saa tatu na robo."

"Mtu gani?"

"Mpiga mbizi wa bwawa la maji. Wanamwita Kambare."

Mkono wa mzee uliganda juu ya mfuko. Alikwenda mlangoni, akageuza kibao cha "Tumefunga" kitazame nje, akarudi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, lango la chini la bwawa lilichomoka upande mmoja, na maji yakamtupa ukutani fundi aliyekuwa ndani ya handaki la nyuma yake. Mguu ulivunjika mara tatu. Bolti za lango zilikutwa zimeliwa na kutu mpaka zimekuwa kama mabua. Lakini kwenye faili kulikuwa na ripoti ya mwezi mmoja tu kabla ya ajali: lango limekaguliwa, mita ishirini na nne chini ya maji, bolti zote nzima. Picha sita zimeambatishwa. Sahihi ya Kambare. Kambare alisema hakuzama siku hiyo, hakupiga picha yoyote, na sahihi si yake. Mhandisi, mkubwa wake wa kazi, aliandikisha kwamba alizama. Kamera yenye picha zile ilikutwa kwenye kabati la Kambare. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaifunga kesi kichwani mwake. Inspekta alikuwa bado anaisoma.

"Kambare alikuja hapa," mzee alisema. "Idara ya maji ilimtuma achague kamera ya kazi. Alichagua siku mbili."

"Siku mbili kwa kamera moja?" Koplo hakuweza kujizuia. "Mimi mke wangu nilimchagua kwa muda mfupi kuliko huo."

"Ndiyo maana kila siku analalamika," Inspekta alimjibu bila kugeuka. "Endelea, Mzee."

Mzee alitoa daftari refu lenye jalada jeusi. Kila aliyeingia pale kutafuta kamera ya majini aliulizwa maswali matatu kabla hajagusa bidhaa yoyote: utashuka kina gani, mkono utakaoishika una nini, na maji yenyewe yana nini ndani yake. Majibu yaliandikwa kama yalivyotamkwa. Aliyeona ni usumbufu alionyeshwa mlango.

"Watu wanaingia hapa wanauliza ina megapikseli ngapi," alisema. "Ni kama mtu anayenunua viatu anauliza urefu wa kamba. Kambare hakuuliza hilo hata mara moja. Soma."

Inspekta alisoma. *Kina: mita 24, lango la chini. Mkono: glavu nene, kulia tu, kushoto nashikilia chuma. Maji: tope, giza, baridi.*

"Alikuja na glavu zake na ndoo yake mwenyewe," mzee aliendelea. "Nikamwambia ndoo ninazo. Akasema, Babu, zako ni safi mno. Ndoo yake alikuwa ameijaza maji ya bwawani, yenye tope. Akawa anafumba macho, anatumbukiza mkono na kamera, anajaribu kupiga picha kwa kupapasa. Wateja wengine walidhani ni mgonjwa. Kamera kumi na moja alijaribu. Ngoja."

Aliinama chini ya meza akatoa glavu nene za mpira na kamera mbili: ya buluu, pacha wa ile ya kwenye mfuko, na nyingine nyeusi, nene kama tofali, yenye vitufe vikubwa kama vifungo vya koti.

"Vaa. Fumba macho. Piga picha."

Inspekta alivaa glavu, akafumba macho. Kwenye ile ya buluu kidole gumba chake kilitafuta, kikateleza, kikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kamera ikalia kwa hasira, ikazimika. Kwenye ile nyeusi kidole kilianguka juu ya kitufe chenyewe kana kwamba kilikuwa na miadi nacho. Mlio mmoja, na picha ya kidevu cha Koplo ikatokea kwenye kioo.

"Mbaya kama dhambi," alisema Koplo.

"Kamera au kidevu?" mzee aliuliza. "Hii ndiyo aliyoichagua. Inashuka mita thelathini bila kuvikwa kitu. Nimeuza kamera miaka arobaini, binti, na sijawahi kuona mtu akichagua chombo kwa heshima kiasi kile. Heshima ya kazi, namaanisha."

Inspekta alivua glavu. Alikuwa amehoji watu wengi waliosifiwa na rafiki zao, na sifa hazifungui mahabusu. "Kama alichagua nyeusi, kwa nini idara ina buluu?"

Mzee alifungua ukurasa uliofuata. "Siku ya tatu alikuja mkubwa wake. Tai, haraka, simu sikioni. Nikamuuliza kina. Hili hapa jibu lake."

*Kina: Mzee, kamera haiingii maji, kina cha nini tena?*

*Mkono: hakujibu. Maji: alicheka.*

"Nilimwambia kijana wako ameshachagua. Akasema ile nyeusi itaaibisha idara mbele ya wageni. Akachukua ya buluu."

"Hii ya buluu inashuka mita ngapi?"

Mzee aliigeuza kichwa chini, akampa kioo cha kukuzia. Kwenye kitako, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kulikuwa na namba: mita 10.

"Na ikifika ishirini na nne?"

"Maji yanaingia kwenye mlango wa betri. Imekufa."

Inspekta alivaa glavu nyepesi za kazi, akaitoa ile ya ushahidi kwenye mfuko, akaandika saa, akaiwasha. Ikawaka vizuri kabisa. Mzee alifungua mlango wa betri, akachunguza mpira wa kuzibia. Ulikuwa mkavu, safi, haujawahi hata kupakwa mafuta.

"Basi hizi picha hazikupigwa kule chini," Koplo alisema, tayari ameshika funguo za gari. "Kesi imekwisha. Twende."

"Kaa kwanza," mzee alisema. Alifungua droo, akatoa kasha la plastiki nene, jeupe kama barafu, lenye kufuli mbili pembeni. Akaitumbukiza ile pacha ya buluu ndani yake, akafunga. "Ukiivika hili, inashuka mita arobaini. Linapatikana popote."

Funguo zilirudi mfukoni. Inspekta alilitazama lile kasha muda mrefu. Mwanasheria wa kwanza kuamka asubuhi angesema Kambare alikuwa nalo na alilitupa, na hapo mita kumi za kwenye kitako zisingekuwa na maana yoyote.

"Mzee, ungeweza kukaa kimya kuhusu hili kasha."

"Ningeweza. Halafu ningekuwa kama yule wa tai." Alivuta bahasha. "Nionyeshe hizo picha."

Alizipanga sita zote mezani. Lango la chuma, bolti kubwa zilizopakwa rangi nyekundu, na kibao kidogo kimening'inizwa kwenye bolti mojawapo: tarehe, namba ya lango, *kina m 24*. Hivyo ndivyo wapiga mbizi wa idara wanavyofanya, kila picha na kibao chake. Mzee aliinama. Akavua miwani ya juu, akaifuta, akairudisha.

"Nani amesema hizi ni mita ishirini na nne?"

"Kibao."

"Kibao kinaandikwa na mtu. Njoo huku."

Ukutani, nyuma ya rafu ya betri, kulikuwa na fremu ndefu yenye picha tisa zilizopangwa kwa mstari. Zote zilikuwa za kikombe kimoja cha bati kilichofungwa kwenye kamba. Katika ya kwanza kikombe kilikuwa chekundu kama nyanya. Katika ya pili kilikuwa kama matofali. Ya nne kilikuwa kahawia. Kufikia ya tisa kilikuwa cheusi kama kilichosahaulika jikoni.

"Kikombe ni kile kile," mzee alisema. "Maji yanakula rangi. Yanaanza na nyekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo dhaifu. Kuna mteja alikuwa akinisumbua hapa kwamba kamera yangu inaharibu rangi. Kambare akasikia. Akashuka kwenye bwawa lile lile, siku zake za mapumziko, kila mita tatu picha moja, kuanzia juu ya maji mpaka mita ishirini na nne. Picha ya mita sita aliirudia mara nne kwa sababu kikombe kilikuwa kimegeuka kidogo. Nilimwambia nani atajua? Akasema, mimi."

Inspekta alirudi mezani, akashika picha moja ya lango, akaileta chini ya fremu. Bolti zilikuwa nyekundu kama kile kikombe cha kwanza.

"Na akiwasha flashi?" aliuliza. "Taa yake inaweza kurudisha rangi."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hilo ni swali la mtu mwenye kichwa. Inarudisha. Lakini maji ya bwawa yana vumbi la tope, na flashi ikiwaka kila chembe inang'aa. Picha inakuwa kama imemwagiwa unga. Tafuta unga humo."

Inspekta alitafuta kwa kioo cha kukuzia, picha baada ya picha. Hakukuwa na chembe hata moja. Mzee alibonyeza kamera mahali inapotunza kumbukumbu za kila picha: flashi haikuwaka, mara sita zote. Lakini kioo cha Inspekta kilikuwa kimesimama mahali pengine. Juu ya chuma, kupita kwenye bolti, kulikuwa na michirizi myembamba ya mwanga iliyojisokota kama nyuzi za wavu.

"Hii ni nini? Nimeiona mahali. Kwenye sakafu ya bwawa la kuogelea, jua likiwa kali."

Mzee alisogea, akatazama. "Mimi hiyo sikuiona," alikiri, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mwalimu aliyeshindwa na mwanafunzi. "Hilo ni jua linalopita kwenye mawimbi madogo ya juu. Hapo hata mita mbili hazifiki, binti. Na maji yamechujwa."

"Wapi kuna lango la bwawa kwenye maji masafi ya mita mbili?"

Koplo alijikuna shingo. "Afande, tangi la majaribio la karakana yao. Lile la nje, chini ya dirisha la Mhandisi. Ulipokuwa unamhoji nilikunywa chai nimekaa kwenye ukingo wake. Kuna lango la akiba limelala humo. Bolti nyekundu."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza kuhusu chai."

Inspekta aliandika yote, kisha akasimamisha kalamu. "Hii inathibitisha picha ni za uongo. Haijaniambia mwongo ni nani. Kambare naye anaweza kuingia kwenye tangi."

"Anaweza," mzee alisema. Akaonyesha fremu kwa kidole.

Inspekta alielewa. Mtu aliyeshuka mara tisa kuona kikombe kikipoteza rangi asingeacha nyekundu ile ipite. Kama Kambare angetaka kudanganya, angedanganya kwa ufundi: angechafua maji, angefifisha rangi, angesubiri wingu. Picha zile zilipigwa na mtu asiyejua kwamba kuna kitu cha kujua. Kilichobaki ni mtu huyo aseme mwenyewe, na azibe tundu la kasha kwa mdomo wake.

"Mzee, niazime hiyo fremu. Na kamera hizi mbili, na nyingine moja yoyote."

"Fremu utairudisha?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi chukua. Kamera hata ukichelewa nazo."

Mhandisi aliwapokea saa sita na dakika kumi, amesimama dirishani, tai imelegea. Alikuwa mtu mwenye adabu na macho ya kukosa usingizi. Inspekta alipanga kamera tatu juu ya meza yake, ya buluu katikati.

"Naomba msaada wa kitaalamu, Mhandisi. Tunataka kumteremsha mpiga mbizi mwingine, apige picha za lango lilivyo sasa. Nimeazima hizi dukani na sijui nimpe ipi."

Mhandisi hakufikiri hata kidogo. "Hii ya buluu. Ni aina ile ile tuliyotumia."

"Inafika kule chini?"

"Si ilifika? Niliichagua mwenyewe."

"Hivi hivi ilivyo, au kuna kitu cha kuivika? Nisije nikamtuma mtu bila vifaa."

"Kuivika nini, Mama?" Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata somo rahisi. "Haiingii maji. Ndiyo maana inaitwa hivyo. Kambare alishuka nayo mkononi, akapanda nayo mkononi."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa kwenye boti."

Koplo aliandika polepole, neno kwa neno, akasoma kwa sauti, akasogeza karatasi. Mhandisi alisoma, akasaini, akaandika saa. Inspekta alisubiri wino ukauke, kisha akaigeuza kamera ya buluu kichwa chini, akampa kioo cha kukuzia.

"Nisomee hapo kwenye kitako. Macho yangu yamechoka."

Mhandisi alisoma. Akasoma tena. Akaiweka kamera mezani taratibu.

"Ile iliyokutwa kwenye kabati inafanya kazi vizuri," Inspekta alisema. "Haina hata tone ndani." Akaweka fremu ya kikombe mezani, na juu ya picha ya tisa, ile nyeusi, akalaza picha ya lango. Nyekundu ilikaa pale kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi. "Hivi ndivyo nyekundu inavyokuwa mita ishirini na nne, Mhandisi. Na aliyepiga hii ya kikombe ni Kambare."

Koplo alikuwa amekwenda dirishani. Alitazama chini, kwenye tangi, ambamo jua la adhuhuri lilikuwa likichora michirizi juu ya lango la akiba.

Mhandisi alikaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Alikataa kushuka. Aliitazama kamera mara moja tu, akasema hii ni ya kupigia watoto ufukweni, mniletee ile nyeusi. Nikamwambia lango lilikuwa zima mwaka jana, litakuwa zima mwaka huu. Akasema, sijui, sijaliona. Kila kitu kwake ni sijaliona."

"Ukashuka wewe."

"Nilivua viatu, nikakunja suruali." Alijifunika uso. "Maji yenyewe yalinifika mapajani."

"Na kabati?"

"Baada ya ajali. Niliogopa."

Inspekta alimwachia Koplo maelezo mengine yote, akashika simu. Mwendesha mashtaka aliitikia mlio wa tano. Faili ilirudishwa kutoka mahakamani saa saba na dakika ishirini.

Kambare alitolewa mahabusu dakika ishirini na tano baadaye, mtu mfupi mwenye mabega mapana kama mlango, ndevu za siku kumi na nne usoni. Polisi wa zamu alimwekea mkanda, saa na kamba za viatu juu ya kaunta. Inspekta alimweleza kwa maneno machache: picha, tangi, Mhandisi, ile kamera nyeusi aliyoiazima dukani na iliyo garini. Alitarajia ashukuru, au alie, au atukane. Wengi hufanya vyote vitatu.

Kambare alisikiliza hadi mwisho. "Hiyo ripoti," aliuliza, "ilikuwa ya lango moja au malango yote mawili?"

Inspekta alifungua faili. Alikuwa ameisoma mara kumi, kila mara akitafuta mwongo. Kwenye kichwa cha karatasi ilikuwa imeandikwa wazi: malango ya chini, kulia na kushoto.

"Yote mawili," alisema.

"Bolti ziliwekwa siku moja. Nani yuko kwenye handaki la kushoto sasa hivi?"

Inspekta alikuwa ameshanyanyua simu. Mafundi wanne, alijibiwa, wamerudi kazini tangu jana, kwa kuwa ripoti inasema upande ule ni salama.

"Watoe," alisema kwenye simu. "Sasa hivi. Waache hata vifaa." Alimgeukia Kambare kumwambia akae, ale kitu, gari litamrudisha nyumbani.

Kambare alikuwa ameshavaa mkanda. Kamba za viatu aliziacha palepale kwenye kaunta. Aliuliza kama ile nyeusi bado iko kwenye gari la polisi, akaambiwa iko, akatoka akikokota viatu kama malapa.

Polisi wa zamu alivuta kitabu cha matukio. Inspekta alimwamuru aandike: saa saba na dakika hamsini, mshukiwa ameachiwa huru. Akaandika.

"Na chini yake: saa saba na dakika hamsini na moja, ameondoka kwenda kazini."

"Hiyo haina safu yake, Afande."

"Chora," alisema Inspekta.